Tamko la Kumlaani Perpetu Sambou

Siku dunia ilipomlaani Perpetu Sambou, mwenyewe alikuwa jikoni anaparua magamba ya samaki. Redio ilikuwa juu ya kabati, na ilisema kwa sauti ile ya msibani kwamba mataifa rafiki yanalaani vikali matusi ya kikabila na kidini yaliyotolewa mjini Ziguinchor dhidi ya afisa mwandamizi wa serikali, na yanazitaka pande zote zijizuie.

"Eh!" Perpetu akasema. "Kuna mtu kaharibu mambo huko. Mpumbavu gani huyo?"

Mpumbavu alikuwa yeye. Lakini hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mpaka samaki waive.

Perpetu alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya masista, pale karibu na mto. Mjola halisi, kifua mbele, kitambaa cha kichwa kimefungwa kama anakwenda kugombana na mtu. Padri alizoea kusema kwamba Mungu alipokuwa anagawa ndimi, Perpetu alipanga foleni, akapata wake, akarudi nyuma kupanga tena. Alimsema padri, aliwasema masista, alimsema mbuzi. Mtu mmoja tu hakumsema, naye ni kaka yake Edmon.

Kwao ni Esilak, kijiji cha mpunga huko kusini. Vita vya wale wanaotaka Kasamansi ijitenge viliwatoa watu wote kule, kila mtu na godoro lake kichwani, na nyuma yao jeshi likaweka vizuizi na watu wa msituni wakafukia mabomu. Edmon alirudi kisirisiri kuchukua mbegu za mpunga. Akakanyaga. Walimzika palepale kando ya njia, harakaharaka, padri anatetemeka huku anasoma, na hakukuwa na mtani hata mmoja wa kumtania marehemu. Na msiba usio na mtani, jamani, hauishi. Unakwama kooni kama mwiba. Perpetu hakulia siku ile, na hakulia tena baadaye.

Mfuko wa mbegu aliokutwa nao uliletwa kwa mama yao, Bibi Hortansi, aliyekuwa akiishi na Perpetu katika chumba cha nyuma ya jiko. Kila mwaka bibi alizipanda kidogo kwenye beseni bovu ili zisife, akavuna viganja vyake viwili vitatu, akahifadhi. Wali wa mchele wa nje, unaoletwa na meli, alikuwa anautazama tu. "Huu si mchele," alisema. "Huu ni mchanga uliochemshwa." Na kila mwaka mawingu yakianza kujikusanya, alifunga furushi lake, akakaa nalo mlangoni kama mtu anayengoja gari.

"Mwaka huu nisiporudi kwa miguu," alimwambia bintiye, "mwakani mtanirudisha nimelala. Na hamtanipitisha, kwa sababu njia imefungwa. Mtanizika hapa, kati ya mabomba ya choo cha masista. Aibu!"

Basi waliposikia kwamba mazungumzo ya amani yatafanyika palepale nyumbani kwa masista, na kwamba jambo la kwanza mezani ni njia ya Esilak, Perpetu alipika kama mtu aliyepandwa na mashetani. Serikali iondoe vizuizi, watu wa msituni waonyeshe mabomu, wanakijiji warudi kabla ya mvua. Basi, ni hilo tu. Wiki ya kwanza yote wakubwa wakaizungumzia meza, iwe ya duara au ya mraba.

Msuluhishi alikuwa Balozi Aaltonen, ametumwa na mataifa rafiki kutoka nchi moja ya baridi huko juu. Mtu mrefu, mpole, anasema asante hata kwa kiti, na akiona haya masikio yake yanageuka mekundu. Upande wa msituni alikuja Amiri Malang Jeju, Mjola, mtu wa ukoo wa Perpetu kabisa. Upande wa serikali alikuja Kanali Latir Faye.

Perpetu aliposikia jina la Faye aliacha mwiko ndani ya chungu.

"Faye? Mserer? Bwana asifiwe, mtumwa wangu amefika!"

Alitoka mpaka uwanjani na aproni yake. Kanali alikuwa anashuka garini, nyota mabegani. Akamwangalia juu mpaka chini.

"Wewe ni Sambou," akasema. "Nimeujua uso. Ndio hao hao walioniibia mchele."

Mambo yakaishia hapo, yaani yakaanzia hapo. Wajola na Waserer ni watani tangu wale mabibi wawili, mtu na mdogo wake, ambao mtumbwi wao ulikatika vipande viwili, mmoja akatupwa kaskazini akawazaa Waserer, mwingine kusini akawazaa Wajola. Na kwetu utani wa kweli una sharti moja: anayecheka kwanza ameshindwa. Ndiyo maana wale wawili walitukanana asubuhi na jioni na nyuso zimekunjamana kama wanataka kuuana. Ndani, matumbo yanawauma kwa kicheko.

Asubuhi moja Balozi aliwahi chai. Alikuwa na Kifaransa cha shuleni, na masikio mazuri.

"Bado hujafa tu, mla uwele?" Perpetu akauliza, anaweka mkate.

"Nife, watumwa wangu awalinde nani? Leta kahawa, mwizi wa mchele."

"Kahawa ya watumwa iko kwenye ndoo kule nje. Ukifika, mwambie nguruwe asogee."

"Nguruwe ni wenu nyie wa kanisani. Misa yenyewe mnafuata divai tu."

"Na wewe Ramadhani unafunga? Unafunga mlango, ule!"

Kijiko cha jamu kilimdondoka Balozi. Yeye alikuwa amesomea vita vya kikabila chuo kikuu kwa miaka mingi, na yote aliyosomea aliyasikia pale mezani kabla mayai hayajafika. Akanyanyuka taratibu, akasema asante, akaenda chumbani kupiga simu.

Wizara yake ikatoa tamko: wasiwasi mkubwa. Nchi jirani yao, isiyopenda kuachwa nyuma, ikatoa lake: wasiwasi mkubwa sana. Nchi ya tatu ikaona wasiwasi umeshakwisha kutumika, ikaamua kushtushwa. Shirika kubwa la dunia likasema linafuatilia kwa karibu. Taifa fulani la visiwani likawataka raia wake wote waondoke Ziguinchor mara moja. Raia wenyewe alikuwa mmoja, sista mzee wa nyumba ileile, naye akagoma kwa sababu Jumapili kulikuwa na mbuzi.

Perpetu alipoelezwa, mwanzoni alifurahi. Nani asingefurahi? Sokoni watu walimpisha njia.

"Perpetu!" alipaza sauti Nyeta muuza nyanya. "Nalaani vikali hivyo vidole vyako kwenye nyanya zangu!"

"Nyanya zako ndizo zijizuie, zinanuka!"

"Naifuatilia mikono yako kwa karibu, dada. Nimeshtushwa!"

Soko zima likacheka. Kwa siku mbili watoto wa mtaani walikuwa wakipigana, halafu wanalaaniana. Lakini aliporudi na kapu lake alikuta magari yanawashwa uwanjani. Mazungumzo yamesimamishwa.

Balozi alikuwa amesema hakuna kukaa mezani mpaka mpishi aombe radhi hadharani. Amiri Malang akasema yeye hakai mahali mwanamke wa Kijola anadhalilishwa. Serikali nayo huko Dakar ikasema haiwezi kukaa na afisa wake ametukanwa. Hawakuwa wajinga kule Dakar, utani waliujua vizuri. Lakini dunia nzima ikishatangaza kwamba umetukanwa, ni vigumu kusimama na kusema hapana, sijatukanwa.

Jioni ile Kanali aliingia jikoni kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi.

"Nimemweleza, Perpetu. Nimemwambia huyu mama ni mtani wangu, hakuna kitu hapa. Unajua kanijibu nini? Kanishika bega. Kasema wanaonyanyaswa mara nyingi huwatetea wanaowanyanyasa."

"Kakushika bega?"

"Na machozi yanamlenga."

Safari hii wote wawili wakacheka, na hakuna aliyehesabu nani kaanza. Kisha Kanali akavuta kigoda.

"Sasa sikiliza. Usiniombe radhi. Nakusihi."

"Mvua inakuja, Latir."

"Najua. Lakini ukisimama mbele za watu ukaniomba radhi kwelikweli, umesema mimi si wako. Umesema yale maneno yalikuwa matusi. Tutakuwa nani sisi? Nitapita hapa unaniamkia 'shikamoo Kanali,' mimi nakuitikia 'marahaba mama,' kama watu wasiojuana? Bora unimwagie mafuta ya moto."

Mlangoni, Bibi Hortansi alikuwa ameketi na furushi lake mapajani, anaangalia mawingu.

"Mvua haisikilizi redio," bibi akasema. "Fanyeni mtakalofanya, lakini fanyeni."

Usiku Perpetu hakupata usingizi mzuri. Akiomba radhi, anamkana ndugu. Asipoomba, mama yake anakaa mlangoni mwaka mwingine, na mwaka mwingine kwa mtu wa umri ule ni jambo la Mungu. Alikasirika. Alimkasirikia Balozi, akaukasirikia ulimi wake mwenyewe, akamkasirikia hata yule mbuzi wa Jumapili ambaye kulipopambazuka alimkuta uani anatafuna kamba yake. Alimnyang'anya ile kamba. Akasimama nayo mkononi. Akaitazama.

"We mbuzi," akasema, "una akili kuliko wizara."

Sherehe ya kuomba radhi iliandaliwa ukumbini mwa masista. Bendera zilikuwepo, mabalozi wa jirani walikuwepo, waandishi walikuwepo. Balozi Aaltonen alikuwa na hotuba mfukoni na masikio tayari yameanza kuwa mekundu. Amiri Malang alikaa upande wake na watu wake, mikono kifuani. Kanali alikaa mbele, jasho linamtiririka, amefumba macho kama mtu anayengoja sindano.

Perpetu aliingia na gauni la kanisani na kapu mkononi. Mama yake nyuma, na furushi.

"Waheshimiwa," alianza. "Mimi ni mpishi, sijui kuhutubia. Nimekuja hapa kuomba..."

Kanali akashusha kichwa.

"...Balozi anishikie hili kapu."

Balozi, kwa adabu yake, akalishika na kusema asante. Perpetu akatoa ndani yake kamba ya mbuzi, akamfuata Kanali, akampitishia kifuani mara moja, mara mbili, akamfunga na kiti, akakaza fundo kwa goti.

"Nimemkamata mtumwa wangu!" akapiga kelele. "Nani anamkomboa?"

Kanali akafumbua macho. Uso wake wote uling'aa, halafu akakumbuka sharti, akaukunja upesi. Mtani aliyekamatwa hajifungui, wala hafunguliwi na mtu, mpaka fidia itoke. Hiyo haina kanali wala rais. Askari wake mlangoni walikuwa wanarukaruka. "Kaza, shangazi! Kaza!" akapiga kelele mmoja.

Balozi alikuwa na kapu mkono mmoja na simu mkono wa pili. "Utekaji nyara," alikuwa anasema, amekuwa mweupe kuliko kawaida yake. "Ndiyo, mbele yangu. Ndiyo, kwa kamba!" Huko kwao mtu akaanza kuandika tamko.

"Unataka nini, mchawi wewe?" Kanali akanguruma. "Mbuzi? Gunia la uwele?"

"Uwele wako kampe punda. Nataka njia ya Esilak. Vizuizi vyote."

"Njia ni ya serikali!"

"Na wewe ni wangu. Serikali ije ikukomboe."

Kanali akageukia katibu wake. "Mpigie waziri. Mwambie nimekamatwa na Mjola, fidia ni vizuizi vya Esilak." Katibu akapiga. Watu walisikia waziri anaangua kicheko huko Dakar mpaka anakohoa, kisha akauliza kama kamba imekazwa vizuri. Akaambiwa imekazwa. Akasema sasa atafanyaje, mtu hawezi kuachwa kwenye kiti. Viondolewe.

Ukumbi ulipiga makofi. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Amiri Malang.

"Hongera, dada! Umemweza!"

Perpetu akamgeukia, na sauti yake ikawa nyingine.

"Wewe unacheka nini, Malang?"

Makofi yakafa.

"Vizuizi ni vya Faye. Mabomu ni ya nani? Faye ni mtani, namfunga, tunacheka, tunakwenda kula. Wewe ni damu yangu. Sina kamba ya kukufunga. Nakuuliza tu. Edmon alikukosea nini? Alifuata mbegu za mama yake. Alikukosea nini?"

Perpetu akageuka.

"Na wewe, Balozi." Balozi akainua kichwa, simu bado sikioni. "Mimi nimemtukana Mserer kwenye chai, dunia nzima imenena. Hata visiwa nisivyovijua vimenena. Kaka yangu alipokatika miguu yote, nani alisema neno? Nilisikiliza redio ile wiki nzima. Walitangaza mpira."

Masikio ya Balozi hayakuwa mekundu safari hii. Alikata simu bila kuaga, akabaki ameshika kapu kwa mikono miwili.

Amiri Malang akavua kofia. Alimtazama Bibi Hortansi, siyo Perpetu.

"Mama," akasema. "Nayajua yalipo. Nitatangulia mbele mwenyewe, niwaonyeshe."

"Utatangulia mbele sana," bibi akajibu. "Mimi natembea polepole."

Jioni redio ilisema mataifa rafiki yanapongeza kumalizika kwa utekaji nyara wa Ziguinchor kwa njia ya amani, na yanaziomba pande zote ziendelee na moyo huo. Perpetu akaizima, akapika kaldu, ule mchuzi wa samaki wenye ndimu nyingi, akampelekea Kanali sahani kubwa kuliko zote. "Kula, usije ukanifia kabla sijakuuza."

Waliosafisha njia walifanya kazi yao, Malang mbele yao anaonyesha kwa fimbo: hapa, na hapa, na pale. Ilikuwa kazi ya polepole, na kila siku mawingu yalikuwa meusi zaidi. Hatimaye ikasemwa njia ni salama, na watu wa Esilak wakaondoka na magodoro yao yale yale kichwani. Kanali alikuja. Balozi naye aliomba aje, akasema hatasumbua mtu.

Karibu na kijiji kuna mahali ambapo njia inapinda. Kuna tuta dogo kando, na msalaba ulioinama. Perpetu alifika pale akasimama. Watu nyuma yake wakasimama. Macho yake yalikuwa makavu, midomo imebana.

Kanali akapita katikati ya watu. Akasimama mbele ya tuta, mikono kiunoni.

"Edmon Sambou!" akapaza sauti. "Mwizi wa mchele! Kumbe umejificha hapa miaka yote ili usinilipe gunia langu? Amka! Wajola kwa uvivu hamna mfano, wenzako hulala baada ya mavuno, wewe umelala kabla! Amka, mtumwa wangu, nimekuja na gari, nakudai!"

Balozi akashtuka. Mkono ukaenda mfukoni kwenye simu.

Na Perpetu akacheka. Alishindwa, akacheka kwanza, kicheko kikubwa kilichomtoka tumboni, na katikati kikakatika kikawa kilio. Alikaa chini pale njiani na gauni lake safi, akalia kama mtoto, akamwita kaka yake kwa jina, Edmon, Edmon wangu. Na Kanali hakuacha. Alizidi kulitukana lile tuta, ulafi wake, miguu yake, uvivu wa ukoo wake wote, na machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, kwa sababu mtani hanyamazi mpaka mfiwa amalize.

Balozi alitoa mkono mfukoni, mtupu. Akamsogelea Bibi Hortansi, akainama, akauliza kwa sauti ndogo afanye nini.

Bibi alimtazama, akamtazama na bintiye pale chini, akatazama juu. Tone la kwanza lilikuwa limeshaanguka.

"Shika hili," akamwambia, akamkabidhi furushi. "Usililoweshe. Ni mbegu za mwanangu."

Balozi akavua koti lake, akalifunika.